Kimya cha Mteremkoni

Siku Bonaventura alipofika nyumbani na pikipiki, wanawake wa Buzebazeba walipiga vigelegele, mama yake akaenda nyuma ya nyumba kutapika.

Hakuwa mgonjwa. Marsiana alikuwa mwanamke mwenye nguvu zake, muuza mawese, shingo imezoea kubeba debe zima kutoka Mwandiga mpaka kwake bila kulishika kwa mkono. Lakini alipoiona ile Honda nyekundu imesimama uani, inanuka petroli, taa yake imekodoa kama jicho la samaki aliyetolewa majini, hakuweza kusimama nayo ua mmoja. Mtoto wa kiume alikuwa naye mmoja tu. Wawili waliomtangulia aliwazika wangali wananyonya. Binti yake, Regina, ameolewa huko Kagunga, haonekani mpaka boti ije. Baba yao alikwisha kwenda zake udongoni. Basi wenzake walipoona maendeleo yamefika mlangoni, Marsiana aliona kitu cha magurudumu mawili kilichokuja kumchukua Bonaventura.

Jirani yake Melania, ambaye walibeba naye mawese tangu wakiwa wasichana, alimfuata kule nyuma.

"Mama Bona, una nini wewe? Mtoto kapewa pikipiki na serikali, unatapika?"

"Melania, kitu kile hakisimami chenyewe. Umekiona? Wamekiegemeza kwa kijiti cha chuma. Kisichoweza kujisimamisha kitamsimamisha mwanangu?"

"Mbona baiskeli pia haisimami?"

"Baiskeli inakwenda kwa miguu ya mtu. Mtu akichoka, inachoka. Ile haichoki."

Ulikuwa mwaka wa operesheni. Watu wa milimani walikuwa wakishushwa na kupangwa kwenye vijiji vya ujamaa, nyumba kwa mistari, mashamba kwa mistari, na ofisi ya kilimo ilitaka vijana wa kuzunguka vijiji vile vipya, waonyeshe watu mahindi yaachane vipi na mihogo ilazwe vipi ardhini. Bonaventura alikuwa ametoka chuoni juzi tu. Kijana mwembamba, mcheshi, akicheka kichwa kinaenda nyuma. Ndiye wakampa Honda. Asubuhi anapanda kwenda juu, Mwandiga, na mbele ya Mwandiga kwa njia ya Manyovu. Jioni anateremka. Nyumba ya mama yake ilikuwa chini kabisa ya mteremko, pale barabara inapopinda, hivyo kila kilichoshuka, mtu au mbuzi au lori, kilipita mbele ya mlango wa Marsiana.

Tangu wiki ya kwanza kila mtu alikuwa na la kumwambia yule kijana. Mzee wa kanisa alimsimamisha akamsimulia habari za katekista aliyevunjika kiuno akawa anahubiri amelala. Muuza chumvi akamsimulia mzungu wa misheni aliyetumbukia mtoni, akaokotwa upande huu na pikipiki upande ule. Hata watoto wa shule walimpigia kelele akipita: "Bwana shamba, taratibuuu!" Naye Bonaventura hakubishana na mtu. Aliinamisha kichwa kwa adabu. Nimesikia, mzee wangu. Nimesikia, mama. Kisha anapiga kiki, na yule mwonyaji anabaki na vumbi kwenye meno.

Marsiana aliwapenda wote waliomwonya mwanawe. Aliona wanamsaidia kazi. Yeye mwenyewe alimwonya asubuhi akimpa chai, na jioni akimpa ugali na samaki wa migebuka. Aliamini maneno yanaingia polepole, kama maji yanavyoingia kwenye udongo mgumu, na kwamba siku moja yatafika chini.

Mpaka siku aliyopeleka chupa ya mawese kwa Ismaili.

Ismaili alikuwa bwana afya, kijana wa Ujiji, kazi yake kuzunguka na pikipiki akipuliza dawa ya mbu majumbani. Yeye na Bonaventura na wapanda pikipiki wengine wawili watatu walizoea kukutana kwenye kibanda cha fundi, nyuma ya ua wa matete, wakisafisha plagi na kukaza minyororo. Marsiana alifika kwenye ule ua, chupa mkononi, akasikia sauti ya Ismaili ndani:

"Bona, leo umezikwa na wangapi?"

"Wanne, na jua halijapanda. Mmoja kanizika, kanifufua, kanizika tena, maana alisahau kunieleza habari za mbwa wanaokatiza barabara."

"Mimi wawili tu. Ujiji wamenichoka."

"Wewe hawakuziki kwa sababu unapuliza mbu. Wanasubiri umalize nyumba zao kwanza!"

Wakacheka. Mwingine akauliza, "Na yule mkuu wa mazishi je, hajambo?"

"Mama?" Ilikuwa sauti ya Bonaventura, na ilikuwa na kicheko ndani yake. "Huyo ananizika asubuhi na jioni, kama dawa ya hospitali. Nisipozikwa jioni silali."

Marsiana alisimama pale nyuma ya matete mpaka kicheko kikaisha. Hakuingia. Alirudi na chupa yake. Njiani alikuwa akiyakumbuka maneno yote aliyowahi kumwambia yule mtoto kuhusu ile pikipiki, kila moja, na kila moja aliliona limekaa pale kibandani katikati ya vijana, linachekwa.

Tangu siku hiyo akaacha maneno. Akatumia mikono.

Jioni, akiisikia Honda inanguruma juu kabisa, mahali mteremko unapoanzia, aliacha alichokuwa akifanya, kama ni kupepeta, kama ni kuosha vyombo, akatoka na kusimama kando ya barabara pale konani, mikono yote miwili kichwani. Ndivyo anavyosimama mtu aliyeletewa habari ya msiba. Hakusema neno. Alisimama tu mpaka mwanawe akapita, ndipo akashusha mikono na kurudi kwenye ungo wake.

Siku ya kwanza Bonaventura alidhani kweli kuna msiba. Alishuka mbio.

"Mama, nani kafa?"

"Hajafa mtu."

"Sasa mikono ya nini kichwani?"

"Naizoesha."

Akadhani utani. Lakini kesho yake ikawa vile vile, na kesho kutwa. Watu wakaanza kuja kutazama. Wenye vibanda wakasimama milangoni wakingoja Honda ishuke, waone bwana shamba anavyoombolezewa akiwa hai. Watoto nao wakaanza kusimama naye, mstari mzima, mikono kichwani, wanajikaza wasicheke.

"Mama, nakuomba," Bonaventura alimwambia akiwa anakula, na safari hii hakuwa anacheka. "Watu wananiuliza nani kafa kwenu."

"Waambie bado."

"Bado nini?"

"Bado hajafa. Ndiyo maana namsimamia."

Akasukuma sahani. "Unajua unanifanya nini? Nikishika ile kona nikakuona vile, mikono inanitetemeka. Mimi siogopi barabara. Barabara naijua. Nakuogopa wewe. Siku nikianguka, mama, nitakuwa nimeanguka kwa sababu yako."

"Basi rudisha pikipiki yao. Kuna kazi ya kuhesabu magunia pale bandarini, unakwenda kwa miguu."

"Nikahesabu magunia, watu wa vijiji wafundishwe na nani?"

"Na mtoto wa mwingine!"

Alilisema kwa sauti kubwa, na mara tu lilipotoka akaona ni neno baya. Lakini lilikuwa ndilo la kweli, akaliacha lilivyo.

Kofia ya pikipiki alikuwa nayo. Ofisi iliwapa, ngumu kama gamba la kobe. Bonaventura aliitundika kwenye usukani, ndani yake akitia mayai aliyopewa na watu wa vijijini kwa shukrani, akiyafunika kwa majani makavu. Mama yake alipomuuliza kwa nini haivai, alijibu, "Kichwa changu kina mfupa, mama. Mayai hayana." Marsiana aliyala yale mayai. Alikuwa anayala na kukasirika.

Halafu mambo yakabadilika.

Ilianza kama mchezo. Jioni moja Marsiana aliisikia Honda juu, akaweka ungo chini, na kabla hajafunga vizuri kanga yake ule mlio ukakatika. Akatoka, akasimama konani, akasikiliza. Kimya. Alikuwa bado anageuza shingo huku na huku alipoona gurudumu la mbele limekwisha kumfikia, na Bonaventura juu yake amekaa wima, mpole, kama anayetoka kanisani.

"Jioni njema, mama. Umesikia kelele leo?"

"Sikusikia."

"Basi. Mmenionya, nimesikia. Nakwenda taratibu."

Kesho yake ikawa vile vile. Honda inanguruma juu, inakatika, kitambo kidogo, na mtoto huyu hapa nyumbani, analaza pikipiki kwenye kijiti chake, vumbi halijainuka hata. Wiki ikapita. Marsiana akaacha kutoka na mikono kichwani, maana hakuna mlio wa kumtoa. Mara nyingine alikuwa ndani akipuliza moto, akigeuka anamkuta Bonaventura amekaa kwenye kigoda anamenya muhogo.

Ni nani angemlaumu kwa furaha aliyoipata? Mama wa watu alikuwa anaijua pikipiki kwa masikio tu. Kwake mwendo wa kasi ulikuwa ni mngurumo, na mngurumo ulikuwa ni kifo. Sasa mngurumo umekwisha. Alikwenda kanisani akatoa shukrani mbele ya watu, akasema, "Mwanangu amenisikia." Alinunua kanga mpya. Usiku alilala moja kwa moja mpaka jogoo, jambo ambalo lilikuwa limempotea tangu siku ile ya vigelegele.

Melania ndiye aliyekuja kumharibia. Alikuja asubuhi moja na ndoo yake ya maji, akaitua, akakaa juu ya jiwe.

"Mama Bona, nikwambie kitu, usinikasirikie."

"Sema."

"Juzi nilikuwa nashuka na kuni. Bona kanipita hapa," akaonyesha kwenye kiwiko chake, "hapa! Kama nyoka. Sikusikia chochote. Sijui anaifanyaje ile pikipiki, lakini taratibu haiendi. Upepo wake tu ulinitoa kitambaa kichwani."

Marsiana alikuwa anatwanga. Akaendelea kutwanga.

"Mwambie mtoto," Melania akasema.

"Nimwambie nini? Amekwisha kuambiwa, akasikia. Tatizo lako, Melania, ulizoea kuniona nalia. Sasa silii, huna pa kukalia."

"Mimi?"

"Watoto wako walikwenda mashambani huko Tabora, hawarudi. Wangu yupo, anafanya kazi ya serikali, anamtii mama yake. Inauma, najua."

Melania alikaza kitambaa chake kichwani. Akainuka, akajitwisha ndoo, akasema, "Nimesikia, mama." Akaenda zake. Marsiana alitwanga kwa nguvu mpaka unga ukaruka nje ya kinu, na ndani yake alikuwa na hakika kabisa, na amani kabisa, na alimwona Melania ni mtu wa wivu.

Hawakununiana sana. Watu waliobeba pamoja muda mrefu hivyo hawawezi, maana debe linataka mtu wa kukutwisha na wa kukutua. Jumamosi iliyofuata walikwenda Mwandiga pamoja, wakanunua mawese yao, wakatwishana, wakaanza kurudi alasiri.

Mvua za masika zilikuwa zimekula kingo zote za barabara. Pembeni pakabaki makorongo na mawe yaliyochomoza, na katikati peke yake ndiko kulikofaa kukanyaga. Mwenye debe la mawese kichwani anatembea katikati. Kinachotoka mbele anakiona. Kinachotoka nyuma anakisikia, maana shingo yenye debe haigeuki, akitaka kutazama nyuma lazima mwili wote ugeuke. Lori likija linasikika tangu mbali, watu wanatafuta pa kusimama bila haraka. Mama zao walitembea hivyo barabara ile ile, na wao waliwafuata nyuma wakiwa wadogo na vibuyu vyao.

Walikuwa katikati ya mteremko, ziwa linaonekana chini, na ng'ambo yake milima ya Kongo, waliposikia Honda juu kabisa. Ilinguruma, kisha ikakatika.

"Umesikia?" Uso wa Marsiana ukafunguka. "Hapo kafika kwenye mteremko, kapunguza. Kila siku hivyo hivyo. Nawe ukasema taratibu haiendi."

"Mama Bona, tukae pembeni."

"Pembeni wapi, korongoni? Nimwage mawese kwa kumkimbia mtoto anayekwenda kama baiskeli ya padri?"

Wakaendelea katikati ya barabara, mmoja nyuma ya mwingine, Melania mbele na Marsiana nyuma.

Hawakusikia kitu. Baadaye Marsiana alijitesa sana kukumbuka kama kulikuwa na chochote, japo mchanga kusagika, japo mnyororo, hakupata. Alichosikia ni sauti ya mwanawe, karibu mno, nyembamba kama alivyokuwa akiita zamani akiota ndoto mbaya:

"Mama!"

Melania aliruka upande wa kushoto, debe lake likaenda. Marsiana aligeuka. Aligeuka mwili mzima, kama anavyogeuka mwenye debe, na ili lisimwangukie akalishika kwa mikono yote miwili. Kwa hiyo Bonaventura, akishuka na ile kasi ambayo haikuwa na sauti, alimwona mama yake amesimama katikati ya barabara, anamtazama, mikono kichwani.

Alikata usukani. Ncha ya usukani ilimpiga Melania kiunoni ikamtupa chini. Pikipiki iliingia korongoni, naye Bonaventura akaenda peke yake, juu, akafikia kwenye mawe.

Madebe yote mawili yalikuwa yamemwagika. Mawese yalishuka na barabara, mekundu, mazito, yakipita kwenye nyufa za udongo mpaka pale alipolala. Marsiana alimwinua kichwa akakilaza mapajani, akaanza kumfuta kwa kanga, akifuta, akikamua, akifuta tena, wala hakuweza kujua kipi ni mawese na kipi ni damu. Alimtazama mama yake kama mtoto aliyekamatwa akilamba sukari. Kisha akawa anatazama kitu kingine. Kisha hatazami.

Korongoni kofia ya ofisi ilikuwa bado imening'inia kwenye usukani. Ndani yake kulikuwa na mayai. Yalivunjika mawili tu, mengine yalikuwa mazima.

Matangani wapanda pikipiki wote walikuja. Walizima pikipiki zao mbali, wakazisukuma kwa mikono mpaka uani kwa heshima. Ismaili alikuja kupiga magoti mbele ya mkeka wa Marsiana, macho yamevimba.

"Mama, pole. Mimi nilimwambia. Nilimwambia asizime."

"Asizime nini, baba?"

Ismaili akawatazama wenzake. "Pikipiki, mama. Alikuwa anaizima pale juu kabisa. Anazima, anaiachia, inateremka yenyewe mpaka hapa kwako. Ikizimwa, hata honi haipigi. Alisema mama hatasikia, basi hatatoka." Akashika ukingo wa mkeka. "Alisema hawezi tena kukuona na mikono kichwani."

Marsiana alikaa na neno hilo. Wanawake waliokuwa karibu walidhani atapiga yowe, wakasogea wamshike. Hakupiga. Alilichukua lile neno akaliweka ndani, na huko ndani likakaa, wala halijatoka.

Siku iliyofuata aliwasikia wale vijana wakizungumza chini ya turubai.

"Kosa ni kuzima. Mimi huwa sizimi."

"Kosa ni kofia. Angeivaa!"

"Mimi hata ningekuwa bila kofia, pale ningeilaza pikipiki ubavu, nilale na upande. Bona alikuwa hajui kulala na upande."

"Na Honda ni nyepesi. Yangu nzito, inashika chini."

Kila mmoja alitafuta kitu ambacho Bonaventura alikosa na yeye anacho, akakishika. Hawakuwa wakicheka. Walimpenda sana, walibeba jeneza lake mabegani. Lakini walipoondoka jioni, Marsiana aliona kwamba kila mmoja aliondoka mwepesi kidogo kuliko alivyokuja.

Melania alivunjika nyonga. Hatembei tena mpaka Mwandiga; anachechemea na fimbo mpaka kwa Marsiana, wanakaa pamoja kimya wakichambua dagaa. Hajawahi kusema, si nilikwambia. Marsiana amengoja miezi neno hilo lije, apumzike. Haliji.

Ile Honda ilitengenezwa, ikapakwa rangi. Wakampa bwana shamba mpya, Leonardi, mtoto wa Kasulu, hata ndevu hazijakaa sawa. Alikuja kwa Marsiana siku ya kwanza, akaegemeza pikipiki kwenye kijiti, akapiga goti.

"Shikamoo, mama. Nimeambiwa habari. Nimekuja kukupa pole na kujitambulisha."

"Marahaba, mwanangu." Alimtazama kichwa, nywele zake fupi. "Nikuombe kitu kimoja tu."

"Sema, mama."

"Ukishuka hapa, usizime. Iache ingurume. Piga honi, piga kelele, tuamshe wote. Mimi sitatoka nje, nakuapia. Sitakusimamia. Usizime tu."

"Nimesikia, mama," Leonardi akasema, na akainamisha kichwa kwa adabu.

Jioni hiyo Marsiana alikaa ndani, mlango ameufunga, kama alivyoahidi. Akaisikia ile Honda juu kabisa, ni yenyewe, hata rangi mpya haikubadili sauti yake. Ilinguruma. Ikakatika.

Alitoka mbio. Leonardi alipita mbele yake kimya, akatoa kofia kichwani kumwamkia, akaenda mpaka mbali chini, ndipo akawasha.

Kesho yake alikwenda kibandani kwa fundi, akaingia mpaka ndani ya ule ua wa matete, akawakuta wote. "Kwa nini mnazima?" aliwauliza. "Nimemwambia Leonardi asizime!"

Wakasimama wote kwa heshima. Ismaili ndiye aliyejibu, kwa upole, kama unavyosema na mgonjwa. "Mama, tumekubaliana wote. Hapo kwako hatupigi kelele. Hatuwezi kukupitishia ule mlio mlangoni kila siku, utakuumiza. Ni heshima yetu kwa Bona."

"Kimya chenu ndicho kinachoniumiza!"

"Ndiyo, mama."

"Kuna watu barabarani, Ismaili! Kuna wanawake wana madebe!"

"Ndiyo, mama. Nenda kapumzike. Leonardi, msindikize mama."

Aliwatazama mmoja mmoja. Aliona jinsi wanavyomsikiliza, kwa adabu, macho chini, wakingoja amalize. Akakumbuka asubuhi ile, mchi mkononi mwake, na Melania akijitwisha ndoo na kusema nimesikia, mama.

Sasa kila jioni Marsiana anatoka na debe tupu, lile lililomwagika, limebonyea upande mmoja, na mti wa kupigia. Anakaa kwenye jiwe pale konani. Akisikia mngurumo umekatika huko juu, anaanza kulipiga, kwa nguvu zake zote, ili walio katikati ya barabara watafute pa kusimama. Wanawake wanaotoka Mwandiga wamekwisha kuzoea, wakilisikia wanasogea. Wageni hawajui. Wanasimama pale pale katikati, wanashangaa ni sherehe gani.

Jana waliteremka wawili pamoja, Leonardi na Ismaili, bega kwa bega, pikipiki zimezimwa. Walikuwa wamekwisha kumpita. Na kwa kuwa hakukuwa na mngurumo wowote, na mkono wake ulikuwa umechoka akaupumzisha kidogo, alimsikia Leonardi waziwazi, akimwambia mwenzake kwa sauti ya chini:

"Leo tumezikwa na ngoma."

Ismaili akamwambia, "Nyamaza wewe, atasikia." Lakini naye alikuwa anacheka, kwa kujizuia, mabega yanamtikisika, mpaka wakapinda kona.

Marsiana akaokota mti wake. Juu huko kulikuwa na mngurumo mwingine, hajui ni wa nani. Akainamisha kichwa, akasikiliza, akingoja ukatike.